Kati ya Bati na Bati

Rimu nilizinunua kabla ya kupima,
inchi nane, kwa gari lililozaliwa na tano.
Fundi Okware akazizunguka, mikono nyuma,
kama mjomba anayekagua ng'ombe wa mahari.
"Hivi," akasema, "ni viatu vya kaka mkubwa."

Walukuba, asubuhi, karakana isiyo na ukuta.
Korona ya baba iko juu ya jeki, springi zimetolewa,
na Mugoya analisukuma gurudumu juu, juu zaidi,
mpaka mpira unagusa madigadi: kwii.
Hapo Okware anachora kwa chaki.
"Hapa itakula. Na hapa. Ukibeba watatu nyuma
utanusa mpira ukiungua hadi Iganga."

Sitadanganya kwamba ni tope la njia za miwa.
Tope lipo, lakini baba alilishinda miaka kumi na tisa
kwa tairi nyembamba kama mkanda wa shule.
Mimi nilitaka tu gari lisimame
limetanua mabega,
ili likipita sokoni watu wasiseme tena:
lile la marehemu Tenywa.

Mbele kulikuwa rahisi.
Ukingo wa ndani ulikunjwa kwa kipande cha bomba,
kidole kwa kidole, rangi ya maziwa ikipashwa moto
isije ikapasuka.
Okware hupiga nyundo kama anayeamsha mtoto.

Nyuma ndiko kwenye kazi.
Nyuma upinde una mabati mawili,
la nje la kuonekana, la ndani la kubeba,
na ukikata bila kuziba
mvua huingia katikati na kukaa,
kutu inakula huku wewe unapaka polishi.
"Kukata, wengi wanajua," akasema,
akawasha grainda.

Cheche. Kelele. Halafu kimya,
na kutoka kati ya bati na bati
ukaanza kumwagika udongo.

Si haba. Ulijaza ndoo ya rangi.
Kwanza mwekundu: Kamuli, tukakubaliana.
Kisha mweusi, wenye nyuzi za miwa.
Kisha, kwa bisibisi, kwa kubembeleza,
wa kijivu, mgumu,
tabaka juu ya tabaka.
Mugoya akaulamba kwa ncha ya kidole, akatema.
"Vumbi la simenti. Tororo, njia ya kiwandani.
Mimi nimekulia pale."

Baba hakuwahi kufika Tororo.
Alikwenda Kamuli kununua mahindi,
Jumatano hadi Ijumaa.
Nikasema labda gari lilikuwa na mwenyewe mwingine kabla yake.
Okware, ambaye ndiye aliyelipaka rangi ya kwanza,
akatafuta msasa ambao ulikuwa mkononi mwake.

Saa saba mama akaleta viazi vitamu na njugu za kusaga.
Akaiona ndoo. Akaokota bonge la kijivu,
akalipima kiganjani kama anayenunua chumvi ya mawe.
"Mimi ndiye niliyekuwa nafua suruali zake," akasema.
Akalirudisha.
Akaniuliza kama nimenawa mikono.

Tukaziba. Okware alichomelea nukta kwa nukta,
akiacha bati lipoe, akivuta sigara yake nusu nusu.
Ndani dawa ya kutu. Juu puti, msasa, puti tena.
Siku ya tatu tukashusha jeki.
Vijana wanne wakajazana nyuma,
nikakata usukani mpaka mwisho wake.
Kulia, kimya.
Kushoto, kimya pia, isipokuwa pale pa mwisho kabisa
sauti ndogo, kama ukucha juu ya kanga.

"Nitairekebisha," Okware akasema.

Lakini mama alikwisha kuwashusha vijana,
akaketi mbele, mkoba magotini,
mkanda umefungwa.

"Iache," akasema.
"Njia ya Tororo haina kona nyingi."