Kisu cha Glafira

Kule Mama, Vitim ukiganda hadi kwenye matope,
Glafira Yegorovna hupasua ulanga kwa kisu kifupi:
jani, na jani ndani ya jani,
hadi auone ukucha wake upande wa pili.

Rodion, mwanawe, yuko likizo kutoka chuoni.
Amejenga piramidi mezani: viazi vinne, njiti sita.
"Viazi ni oksijeni, mama. Silikoni imejificha katikati.
Olivini haimpi mwenzake mkono, kila piramidi na lake.
Asbesto ya buluu hupanga foleni, mbili mbili.
Kwatzi hushikana pembe zote nne,
ndiyo maana kisu chako huteleza.
Ulanga hushikana tatu, zikawa shuka,
na kati ya shuka na shuka..."

"Kuna mlango," alisema, macho kazini.
"Naufungua mwaka wa thelathini na moja huu.
Hakuna aliyenitajia bawaba."

"Potasiamu," akajibu Rodion, sauti imempungua.

Njiti zikawasha jiko. Viazi vikamenywa.
Kwenye kidirisha cha jiko, jani alilolipasua
mwaka aliozaliwa mvulana
bado linauzuia moto,
bado linauonyesha.