Kidole Kisicho na Ukucha

Alhamisi Kuu, kanisani Vingunguti,
mimi diwani nilipiga magoti,
nikaosha miguu ya watu kumi na wawili,
kamera zikinimulika.

Jumanne, ofisi ya kata.
Foleni imefika mtaroni;
napita na simu sikioni, haijapigwa na mtu,
macho chini nisisalimiwe.

Ndipo nikaziona kandambili zisizofanana
na kidole kisicho na ukucha.
Hicho nilikikausha kwa taulo jeupe.
Jina la mwenyewe sikuuliza.

Shikamoo ikanikwama kooni;
nimezoea kuitikia.

"Felista Mgonde," akasema. "Ni maji tu, Mheshimiwa.
Yameingia ndani tena, yamebeba godoro."

Yale ya beseni yalikuwa ya uvuguvugu,
yakinukia sabuni.

Nikavua viatu.