Pakawa

Tuure alivinunua akiwa na miaka kumi na tisa,
kwa mshahara wa kwanza wa kiwanda cha mbao:
kitabu kinene cha kanuni, dadu saba ndani ya soksi,
na ile kubwa, ya pande ishirini, rangi ya damu ya mzee.

Akaenda navyo kantini.
Wenzake wakazigeuzageuza dadu viganjani.
"Kamari?"
Akasema si kamari, ni hadithi,
ila mwisho wake haujulikani,
hata na mimi ninayeisimulia.
Wakacheka kwa adabu, wakarudi kwenye supu.

Huko ni Kemijärvi, kaskazini mwa Ufini.
Desemba jua halipandi, linachungulia tu
kama mdai aliyeambiwa mwenye nyumba hayupo.
Majira kumi na moja ya baridi Tuure alisema paukwa,
friji ikaguna.
Akachora ramani za mji usiokuwapo:
malango, visima, duka la muuza mishumaa,
jina la huyo muuza mishumaa, mguu wake mbovu,
deni lake la sarafu arobaini.

Hayo alitueleza baadaye.
Sisi tunachokijua ni usiku mmoja wa Machi,
alipoandika mtandaoni, kati ya watu asiowajua:
*Nina mji. Sina watu.*
Akaenda kuosha sahani.
Aliporudi tulikuwa wanne mlangoni.

Sina desturi ya kuusifu mtandao.
Nimesoma humo matusi ya kujaza kisima.
Lakini mimi, Hilppa, muuguzi wa zamu ya usiku mjini Oulu,
niliingia nikaulizwa: utakuwa nani?
Nikasema mwizi,
maana kazini nahesabu kila kidonge.

Jalmari, mgane wa miaka sabini na mbili,
aliuliza kama shujaa aruhusiwa kuwa na magoti mabovu.
Aruhusiwa.
Áilu na dada yake Risten, kutoka Inari,
walinong'onezana Kisami kila walipopanga hila,
nasi tukajua tumekwisha.

Joka letu la kwanza lilikatika katikati ya moto.
Intaneti. Dakika sita nzima
lilikaa kwenye skrini limeachama,
na Jalmari, akidhani hasikiki,
alimsimulia marehemu mkewe tulipofikia.

Risten ndiye aliyeanza kurekodi.
Wasikilizaji tisa. Kisha mia tisa,
wakikoroga uji, wakiendesha magari ya kuzoa theluji,
mwanamke mmoja akiwa amelazwa, mguu juu.
Wakaanza kuuliza.
Lile deni la mishumaa, lililipwa?
Dadu zinapatikana wapi?
Mimi nina miaka hamsini, nimechelewa?
Akijibiwa huyu, yule wa nyuma yake ameshapata jibu,
naye anamsogezea kiti wa tatu.
Duka la vitabu la Rovaniemi likaishiwa dadu mara mbili;
muuzaji, nasikia, aliagiza na ya kwake.

Na kantini? Mmoja wa wale wa supu
alimfuata Tuure kwenye maegesho, kofia mkononi:
"Ule mchezo wako ambao si kamari.
Binti yangu hazungumzi mezani, ila huo anauzungumza."

Basi Februari tukasafiri.
Niliendesha gari saa nne, barabara ikiwa kioo.
Kantini ileile, meza mbili zimeunganishwa,
watu kumi na wanne, mabuti yamepangwa mlangoni yakidondosha maji.
Sauti nilizozijua miaka mitatu
zikawa na pua, na vipara, na harufu ya kahawa.
Áilu ni mrefu mno. Hakuna aliyeniambia.

Tuure alifungua kitabu. Akakifunga.
Akakohoa. Midomo ilikuwa ikimcheza,
neno halitoki.
Tukamjibu kabla hajaita.

Ndipo mkono wake ukarusha ile dadu kubwa,
ikaruka meza, ikabingirika chini ya hita,
na namba hakuna aliyeiona.
Jalmari, kwa magoti yake yale,
ndiye aliyepiga magoti wa kwanza.