Mkono Unaotetemeka

Miaka kumi na tisa nimepiga picha za harusi,
Limbani, Jadida, mpaka Micheweni juu ya lori la karafuu,
na wiki ya pili mama wa bibi harusi hunijia na kanda mkononi:
"Faki, mbona mwanangu anayumba kama chombo?
Mbona umetuonyesha paa? Na viatu vya watu?"
Narejesha nusu ya pesa. Nanyamaza.
Mtetemo huu nimezaliwa nao.

Juzi wameingia dukani vijana watatu,
mmoja mtoto wa Shaame muuza saruji,
wanataka kamera ile kuukuu, ya kanda.
Wanatengeneza filamu ya kutisha.
"Siku hizi, mzee, kitisho hakitaki taa wala mguu wa kamera.
Chataka kionekane kimeokotwa.
Watu wameingia msitu wa Ngezi usiku, hawakutoka.
Kamera imetoka."
Nikauliza: nani kaitoa?
Wakatazamana. Hilo hawakuliandika.

Na jini, mtamvisha nini?
"Haonekani. Ndio uzuri wake,
na ndio urahisi wake."
Mpigaji, wakanifunza, ahemee karibu na kinasa sauti,
akimbie bila kuzima, aanguke,
lenzi ilale ubavu kwenye majani makavu,
na ubavu huo ndio mwisho wa habari.
Uso wake hatuuoni asilani.
"Tatizo letu moja tu," akasema mtoto wa Shaame,
"hatuna mtu anayetetemeka kikweli."
Wote watatu wakautazama mkono wangu.

Usiku nikafungua kabati.
Kanda mia mbili na kitu, nyingine zimeota ukungu
mweupe kama unga wa muhogo.
Nikatia moja bila kusoma jina: harusi ya Mtambwe,
zama za umeme wa jenereta.
Katikati ya kirumbizi, pap, giza.
Kamera ina betri yake; sikuizima.
Kioo cheusi, na sauti tu:
bakuli linavunjika, wanawake wanacheka,
mtu anamwita mtoto, anamwita tena,
halafu pumzi.
Karibu. Karibu mno, kama iko ndani ya sikio.
Nikaruka kitini, nikataja jina la Mungu.

Ilikuwa yangu.
Ya kijana wa miaka ishirini na sita,
kifua hakijaanza kukoroma.

Na ndani ya giza lile, Mwanakombo:
"Faki, upo?"
"Nipo," nikajibu kwenye kanda.
"Nipo," nikajibu dukani, peke yangu, saa saba za usiku.

Harusi zote zile alinibebea betri ya akiba.
Nimetafuta mpaka alfajiri: sina sura yake hata moja.
Mimi nyuma ya kamera,
yeye nyuma yangu.

Asubuhi nimewaambia vijana waichukue bure,
nami nitaishika, kwa sharti moja:
kabla ya kuingia msituni, kamera igeuzwe,
kila aliyepo aonekane uso, ataje jina lake na la mamaake.
"Mzee, utatuharibia kitisho."
Nikasema, basi kiharibike.
Wamejibu watafikiri. Najua watakata kipande hicho.

Twaanza Ijumaa, baada ya isha.
Nimenunua betri mbili.
Ya akiba nitaibeba mwenyewe.