Mbao Wasizozila Mchwa

Nyuma ya gereji ya baba, hapa Tororo,
ambapo vumbi la saruji hulala juu ya kila jani,
zilikaa tatu, migongo kwenye mwamba:
stesheni wagoni za Marekani, ndefu kama msiba.

Jumanne Mangeni wa vyuma chakavu akaja na mizani.
Akauliza zina kilo ngapi.
Kaka yangu Obbo akasema, ngoja kwanza, tuzitazame.
Tukazitazama kama watu wanaouza ng'ombe wa marehemu.

Chevrolet ya hamsini na saba:
milango miwili tu, nguzo zimelalia mbele
kana kwamba imesimama na bado inakwenda.
Nyuma, mistari saba ya kromu inateremka mlangoni,
na yale mapezi. Obbo anasema ni ya ngege,
mimi nasema ni mabega ya gomesi
siku ya harusi, yamepigwa pasi mpaka yanachoma macho.
Aliyeichora alikuwa na mke anayejua kuvaa, nikasema.
Au hakuwa na watoto, akasema Obbo.
Milango miwili! Nani aruke kiti kila siku na mtoto mgongoni?

Ford ni pana, ya mraba,
imeficha taa zake nyuma ya kope za bati.
Ubavuni imebandikwa mbao. Si mbao: picha ya mbao,
plastiki yenye vifundo vya mti usioota popote.
Mama aliipenda hiyo. Alisema
ndiyo mbao pekee Tororo nzima wasiyoila mchwa.
Baba hakuipenda. Alikuwa fundi wa bodi,
aliwahi kunyoosha mlango uliogongwa na lori la chumvi
mpaka mwenye gari akaapa si wake;
lakini mti wa kubandika ulimkera
kama jino la dhahabu kinywani mwa mtoto.
Uongo, alisema, na hauna hata aibu.

Ila mlango wake wa nyuma!
Ukitaka, unafunguka kama lango.
Ukitaka, unalala chini kama meza.
Juu ya meza hiyo tulikula mihogo ile miaka ya kukosa sukari,
juu yake nilijifunza kuandika Nyaketcho
kwa kidole, ndani ya vumbi.

Ya tatu, Oldsmobile, uso wa karani.
Ungeipita tu njiani.
Lakini katikati paa linapanda kidato kimoja,
na kwenye kidato wameweka kioo
ili anayekaa nyuma naye apate mbingu.
Na kiti cha mwisho kabisa kinatazama ulikotoka.
Daktari wa meno alimwachia baba ufunguo kwenye bahasha,
akasema, wiki mbili tu.
Waliondoka kwa treni, yeye na watoto.
Kiti kikabaki kinatazama ukuta.

Ipi nzuri, basi? Mangeni akauliza,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.
Chevrolet, akasema Obbo, hata hakumeza mate.
Mimi nilikuwa na jibu, nikaona haya kulitoa.

Mizani haikuuliza kama mistari ni saba au sita.
Gesi ikalia, mapezi yakaanguka majanini,
na ile picha ya mbao ikaungua kwa moshi mweusi,
harufu ya ndoo. Baba angecheka.

Kioo cha paa nilikitoa mwenyewe, kwa kisu na sabuni,
asubuhi nzima, Mangeni akinung'unika.
Sasa kiko juu ya jiko la mama.
Mvua ikitoka upande wa Malaba
naiona nyayo zake kabla sijasikia bati.

Obbo huja Jumapili, hula, huinua macho,
hukitazama kitambo.
Mapezi yalikuwa bora, husema,
na kuomba mchuzi zaidi.