Orodha ya Agosti

Padre Kilumo kaniagiza majina.
Karatasi moja, asema, pande mbili, yasizidi,
mkesha ni mrefu na wa Changamwe huingia zamu alfajiri.
Nimekaa ofisini Makupa, feni inakata joto vipande vipande,
mbele yangu nakala ya nakala
ya ushahidi uliotolewa kwa kiapo, karne nne kasoro:
waliouawa mji huu, mwezi wa nane,
walioulizwa swali moja tu, wakajibu.

Wareno wana majina marefu, yenye vyumba na ua:
la ubatizo, la baba, la kijiji,
na cheo, na deni alilokufa akidaiwa.
Nachapa.
Halafu wino unakuwa bahili.
Na mkewe, mzaliwa wa hapa.
Na watumishi wake wanne.
Na mwanamke wa Faza, aliyekataa kushuka ngazi bila mwanawe.
Nukta.
Mstari unaofuata unahesabu mapipa.

Ewe wa Faza,
padre wako alikubatiza nani?
Na kabla ya maji yale, mamako alikuitaje
uji ulipokuwa unapoa?
Ishara ya msalaba ulifunzwa kwa mkono wa kulia;
wa kushoto, nadhani, ulimshika mtoto.
Nadhani tu. Karani hana ruhusa ya kudhani.

Aliyenisomea hati zile ni Bi Mwanatumu wa Kibokoni,
ajuaye mwandiko wa kale kama ajuavyo mshono wa kofia.
Nikamwambia, "Hawa ni mashahidi wetu."
"Najua," akasema, akipangusa miwani kwa ncha ya buibui.
"Na mizinga ilipouchoma mji, kabla ya hapo,
mara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
wetu walioungulia vyumbani nani aliwachapa?"
Neno moja, mashahidi:
tukalishika ncha mbili, kama wakung'utao shuka.
Hakuna aliyevuta. Hakuna aliyeachia.

Ukoo wangu waujua ubahili wa wino.
Babu wa nyanya alishushwa Kisauni kutoka tumbo la meli,
akapewa jina mezani na mtu asiyeinua kichwa: Tobia.
La kwanza alilisahau, au alilificha, hatukuambiwa.
Rafikiye alikwenda bara kuwafunza watoro kusoma;
ikarudi habari, yeye hakurudi:
mwalimu mmoja, amekatwa.
Hata kengele iliyowaonya
imeachia mtaa jina, Kengeleni,
makondakta hulipiga kelele kutwa.
Yeye, mwalimu, hana hata kituo.

Basi usiku wa mkesha nikasoma.
Nilipofika kwa wasio na jina sikusema "na wengine".
Nilinyamaza, kwa urefu wa jina,
silabi tatu, nne,
nikanyamaza tena, na tena,
mshumaa wa mtoto mmoja ukamdondokea kidoleni, akafyonza.
Padre akatazama saa.
Mwachofi, fundi wa mitambo, akadhani kipaza sauti kimekufa,
akaja akiinama, akagusa waya,
akanong'ona ndani yake, kanisa zima likasikia:
moja, mbili.
Moja, mbili.

Nikamwacha ahesabu.