Bao Lenye Sauti

Nakitto aliweka simu kando ya bao,
karakanani kwa baba, Masaka, mvua ikipiga mabati,
akarekodi: kete zikianguka,
Kizza wa buchani akitukana kidogo,
kimya cha mtu anayehesabu mashimo.

Tulicheka. Nani atasikiliza mchezo asiouona?

Sasa wanapiga simu kutoka Gulu, kutoka Arua,
hawaulizi urefu wala bei.
Wanauliza: lina mlio ule wa podkasti?

Baba ameacha msasa.
Anagonga mvule kwa kifundo cha kidole, anainamisha sikio,
anarudia shimo la tisa, anaongeza kina.
Mbao zisizosema
anazipeleka jikoni.

Jana usiku nilimkuta peke yake, taa kaizima,
akidondosha kete moja,
moja,
moja.